Mita za malipo ya kabla kwenye vilula vya kijijini: zinaokoa mradi au zinahamisha tatizo?

Mtoa mada: Vyombo vya watoa huduma ya maji ngazi ya jamii (CBWSO) vinasimamiwa na RUWASA, wakala wa maji vijijini Tanzania, chini ya Sheria ya Huduma za Maji Na. 5 ya 2019, lakini pampu ikiungua bado daftari la michango linapita nyumba kwa nyumba. Sasa kuna biashara za kijamii zenye mita: unanunua uniti kwa simu, unagusisha tagi (kidude kidogo kinachobeba uniti zako) kwenye mita, maji yanatoka. Ndiyo dawa?

Fundi Pampu: Kwa makusanyo, ndiyo. Sera ya Maji ya 2002 ilihesabu watu 250 kwa kituo cha kuchotea, lita 25 kwa mtu: ndoo za lita 20 kama 312 kwa siku. Tuseme ndoo sh 25, ni sh 7,800. Mchotesha maji wa daftari akiandika ndoo 200, nani atabisha? Ila mita nayo ina vituko. Maji yakikatika bomba linaingia hewa. Yakirudi, hewa inatangulia na kuzungusha mita. Mama anasikia “fuuu”, uniti zinakwenda, ndoo kavu. Hapo umempoteza. Weka valvu ya kutoa hewa kwenye miinuko, na chujio kabla ya mita, lioshwe kila wiki. Mchanga ukinasa kwenye valvu ya mita, haifungi, maji yanamwagika usiku kucha.

Kisima Kirefu: Mkuu, hiyo 7,800 ni ya kiangazi. Masika watu wanakinga maji ya bati, mauzo yanaanguka, mlinzi bado anadai mshahara.

Mhasibu: Ndiyo maana akiba itengwe kwanza, posho baadaye. Mfano: pampu na invata (kifaa cha kugeuza umeme wa kuendesha pampu) sh milioni 6, zidumu miaka 6. Hiyo ni kama sh 83,000 kila mwezi, akaunti yake peke yake, watia saini watatu. Kampuni ikikusanyia kwenye akaunti yake na kuleta “mgao”, kijiji hakina mradi, kina mpangaji.

Fundi Pampu: Kweli. Na mkataba utaje bomba la pembeni la kupitisha maji bila mita, lenye koki na kufuli, ufunguo ukae CBWSO. Kampuni ikifunga virago, mita isiyo na seva (kompyuta ya kampuni inayopokea malipo na kutoa uniti) ni kizibo tu.

Kisima Kirefu: Na bibi asiye na simu?

Mhasibu: Anaongezewa uniti na wakala dukani.

Kisima Kirefu: Wakala akienda mnadani siku nzima?

Mhasibu: Wawe wawili, na tagi iruhusiwe kukopa ndoo mbili.