Tupeane uzoefu: jina la mzee kwenye karatasi za jeshi, na nishani yake

BintiWaArua

Nimeanzisha uzi huu kwa sababu ya herufi moja iliyohama.

Baba yangu ni Ondoga, jina la kwetu West Nile, Uganda. Litaje sokoni Arua uone kama kuna atakayekuuliza limetoka wapi. Jeshini yeye ni Odonga. Karani aliyemwandikisha mwaka 1987 alisikia alichozoea kusikia, N ikaruka mbele, na mzee wangu Mlugbara akawa Mwacholi kwenye karatasi mpaka siku aliyostaafu. Mwenyewe alikuwa anacheka. Wakimwita Odonga anaitika, mshahara ukija anasaini Odonga. Alipokwenda Mogadishu na kikosi cha Umoja wa Afrika, AMISOM, nishani aliyorudi nayo ilikuja na karatasi ya Odonga. Ipo sebuleni, imetundikwa juu ya redio.

Kicheko kiliisha vilipokuja vitambulisho vya taifa, ule uandikishaji wa 2014. Aliulizwa jina, akataja alilopewa na babake. Sasa kitambulisho kinasema hivi, faili la jeshi linasema vile, na kila dirisha la pensheni analofika wanataka vyote viwili.

Naomba msome kosa letu vizuri, maana naona wengi wanalirudia. Tulikwenda kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, akatuandikia barua safi yenye mhuri, kwamba mzee huyu hajawahi kuitwa Odonga na jina hilo si lake. Tukaipeleka ofisini tukiwa na furaha. Afande aliyekuwa mezani akaisoma mara mbili, akamtazama baba, akamuuliza kwa upole kabisa: "Mzee, kama wewe si Odonga, aliyekwenda Mogadishu ni nani?"

Tulikaa kimya wote watatu. Odonga ndiye aliyetumikia. Odonga ndiye mwenye namba ya RA, ile ya jeshi, ndiye mwenye nishani, ndiye anayedai pensheni. Sisi tulikuwa tumembebea baba barua ya kumnyang'anya miaka yake yote. Kumbe tulichotakiwa kuleta ni ushahidi kwamba Odonga na Ondoga ni mtu mmoja, basi, bila kumfuta yeyote. Tukaanza upya: hati ya kiapo kwa wakili mwenye mhuri wa kamishna wa viapo, majina yote mawili ndani yake, namba ya jeshi, tarehe ya kuingia na ya kutoka; barua ya pili ya LC1 yenye lugha hiyohiyo; na wanajeshi wastaafu wawili waliolala naye hema moja.

Nyinyi wenzangu mlipitaje?

Kadogo83

Dada, sisi wengine jina ni letu, tarehe ndizo za uongo.

Niliingia msituni, kwa waasi wa NRA wa Museveni, 1983 nikiwa na miaka 12, nyumbani Semuto. Msituni hakukuwa na faili. Nani angekuandikia fomu wakati chakula chenyewe ni mihogo ya kuchimba usiku? Kampala ilichukuliwa Januari 1986, na baadaye mwaka huohuo ndipo tukapangwa mstari tuandikwe. Walipofika kwangu walikuwa wanataka watoto warudi shule. Mimi shule nilikuwa nimeisahau, nikajiongezea miaka minne. Karani akaandika bila kuinua kichwa: mwaka wa kuzaliwa wa uongo, mwaka wa kuingia jeshini 1986.

Huo mwaka wa pili ndio ulionila. Nishani ya Luwero Triangle ni ya waliopigana vita vya msituni, vile vya 1981 hadi 1986. Majina ya kikosi chetu yalipokusanywa, langu likarudishwa: faili linaonyesha umeingia baada ya vita. Nina kovu la risasi pajani, naweza kulionyesha hata hapa barabarani, lakini kovu halina tarehe.

Kilichonisaidia ni watu. Niliandika kwa mkono wangu kurasa tatu: kikosi gani, kamanda wa seksheni alikuwa nani, tulivuka mto wapi, nani alikufa mbele yangu na tulimzika chini ya mti gani. Nikatafuta watatu wa kuthibitisha. Wawili nilikuta makaburi. Wa tatu alikuwa ofisa bado, akasoma, akanisahihisha mahali pamoja (mto nilikosea), akasaini. Nadhani lile sahihisho lake lilinisaidia kuliko saini. Ilionekana amesoma kweli. Nilivishwa tarehe 9 Juni, Siku ya Mashujaa, jua kali, viatu vya kuazima.

Umri sikuugusa. Najua mtanisema. Matokeo yake nimestaafu miaka minne kabla ya wakati wangu, na uongo wa mtoto wa miaka 15 nimeulipa nikiwa mtu mzima.

MjukuuWaBombo

Kwetu Bombo karibu kila nyumba ya Wanubi ina sanduku la bati lenye kitu cha KAR, King's African Rifles, jeshi la Mwingereza enzi za ukoloni. Babu yangu alikuwa 4 KAR, batalioni ya Uganda, ile iliyogeuka Uganda Rifles tulipopata uhuru 1962. Alikwenda Burma vita vya pili, akarudi, miaka ya hamsini akapelekwa Kenya wakati wa Mau Mau. Ameacha nishani mbili, na zimetugombanisha.

Ya kwanza ni Burma Star. Nyota zile za vita vya pili Waingereza walizitoa bila kuchonga jina. Kwa hiyo upande wa mke mdogo ukasema ni ya babu yao mzaa mama, ambaye naye alikwenda Burma, na hakuna wa kubisha.

Ya pili ni ya fedha, ina kichwa cha Malkia upande mmoja, utepe wa njano wenye mistari miwili myembamba ya kijani na kingo nyeusi, na kipande cha juu kimeandikwa KENYA. Hiyo ina siri: ishike ubavuni kama unavyoshika sarafu, iegemeze kwenye mwanga. Ukingoni kuna namba, cheo, jina na herufi K.A.R. Mtu akikuambia babu hakuacha karatasi hata moja, muulize kama ameangalia ukingo wa nishani.

Shida ni shangazi. Kila Idi, kwa miaka arobaini, alikuwa anaitoa na kuisugua kwa majivu mpaka inang'aa. Imeng'aa kweli, na tarakimu mbili za mwisho zimelika. Tulikaa watu wanne na tochi ya simu, huyu anasema 3, yule anasema 8. Idara ya nishani ya Wizara ya Ulinzi ya Uingereza inapokea maombi ya ndugu wa marehemu, ila lazima uonyeshe aliyetumikia ni nani na wewe ni nani kwake. Namba yenye shaka haitoshi. Tuliokolewa na kicheti chake cha kuachishwa, kilikuwa kimekunjwa ndani ya msahafu.

Msisugue. Futa vumbi kwa kitambaa kikavu, basi.

BodaWaKoboko

Baba yangu naye alikuwa vita vya Kagera 1978, vile vya Tanzania na Amin. Tatizo ni upande aliokuwa.

Kuna jamaa hapa alimwambia aombe ile nishani ya Kagera kwa kuwa "ulikuwepo vitani". Mzee akacheka mpaka akakohoa. Ile ni ya waliopigana kumtoa Amin, naye alikuwa anakimbia kurudi Koboko na bunduki ya Amin. Malipo ya wanajeshi wa majeshi ya zamani ni habari nyingine kabisa, hayo anafuatilia. Msichanganye hizo mbili mkampa mtu nauli ya bure.

MamaNakaseke

Mimi ni mjane. Mume wangu alikuwa na jina la msituni, kama wengi wao. Hawakutaka jeshi la serikali likikamata orodha liende nyumbani kuua wazazi. Nami nilimfahamu kwa jina la ubatizo. Tulioana 1988, akafa 1996, na katika miaka hiyo minane sikuwahi kumuuliza wenzake wanamwitaje. Angenijibu tu.

Miaka ilipopita wakasema familia za marehemu walete majina kwa ajili ya nishani. Nikapeleka la ubatizo. Hayupo. Nikaambiwa hajawahi kuwa mwanajeshi. Nikiwa nimebeba picha yake ya sare!

Siku ya mazishi ya jirani nilikaa karibu na mzee mmoja mstaafu, nikamwonyesha ile picha. Akaishika muda mrefu, akataja jina ambalo sijawahi kulisikia maishani mwangu. Nilikuwa mke wa mtu nisiyemjua jina. Nikaenda na hilo, wakalikuta.

Zaidi ya hapo ni njia ndefu ya kawaida: cheti cha kifo, barua ya usimamizi wa mirathi, kiapo kwamba majina mawili ni mtu mmoja kama alivyosema dada wa Arua. Njiani nikakutana na kijana wa tai aliyetaka laki tatu "aingize jina". Nilimpa elfu ishirini ya soda, sikumwona tena. Nishani yenyewe si hela, jamani, anayewauzia anawauzia hewa. Wengi wanaichanganya na akasiimo ya raia waliosaidia msituni, ile ndiyo pesa.

Wenye waume walio hai, waulizeni leo jioni: jeshini unaitwaje?

Kadogo83

Mama, pole. Hilo la jina la msituni mimi pia ninalo. Mke wangu nitamwambia.

BintiWaArua

Asanteni sana. MjukuuWaBombo, nimeishusha ile ya Mogadishu ukutani kuangalia ukingo. Haina kitu, nimeirudisha.

Wiki iliyopita tuliitwa. Faili limewekewa karatasi inayosema Odonga na Ondoga ni mmoja, na kuanzia sasa malipo yatafuata kitambulisho. Yule yule afande. Akampa baba fomu ya mwisho, akamwonyesha mahali pa kusaini, akamwambia, "Mzee, sasa weka jina lako."

Baba akavaa miwani, akainama, akaandika polepole kwa ile hati yake ya shule ya misheni. Afande akageuza fomu, akaitazama, akafungua droo kutoa fomu nyingine.

Alikuwa ameandika Odonga.