Kifaa cha kudondoshea oili kwenye cheni: kinafaa kwa vumbi la Tabora?

Kaliua150:
Habari wakuu. Naomba msaada kwa wanaojua ile mifumo inayodondosha oili kwenye cheni yenyewe pikipiki ikiwa inatembea. Pikipiki ni cc 150, silinda moja, ya kabureta, cheni 428 isiyo na o-ringi, kava la cheni ni la juu tu. Njia ni Urambo–Kaliua na vijiji vya ndani, kiangazi mchanga mtupu. Nichukue ya mvuto wa injini, ya umeme, au nitengeneze kwa mpira wa dripu? Oili gani? Na vumbi halitageuza cheni kuwa msasa?

FundiUjiji:
Mkuu, ya mvuto wa injini inakufaa. Scottoiler ya kawaida (chapa ya vifaa hivi) hufanya kazi hivyo: injini ikiwaka, mvuto wa manifoldi unainua vali na oili inashuka, ukizima, inafunga. Ya umeme ni nzuri ila ni waya za ziada, na maji ya masika yakiingia kwenye maungio utasumbuka.

Angalia kwanza kama manifoldi yako, kati ya kabureta na silinda, ina chuchu ya kuchomekea mpira. Nyingi za cc ndogo hazina. Kama haina, FUNGUA manifoldi uitoe kabisa ndipo utoboe na kukaza chuchu ya shaba. Ukitoboa ikiwa imefungwa, chenga za aluminiamu zinaingia kwenye silinda. Ukishafunga, sikiliza sailensa (injini ikiunguruma bila kuongezewa mafuta): ikiyumba au ikipanda, au eksozi ikipiga mabomu unapoachia mafuta, injini inavuta hewa ya wizi kwenye maungio. Usiiendeshe hivyo, mchanganyiko wa petroli na hewa unakuwa mwepesi na injini inachemka.

Silinda moja huvuta kwa mapigo, kwa hiyo kile kiwiko chenye tundu dogo kinachokuja na kifaa usikitupe, ndicho kinachotuliza.

Ncha iguse ubavu wa spoketi ya nyuma, upande wa chini, pale cheni inapoanza kuingia kwenye meno. Spoketi ikizunguka inarusha oili kwenda nje, hivyo inaifikia cheni yenyewe. Ukidondoshea juu ya cheni, nyingi inaishia kwenye rimu. Mpira upitishe chini ya mkono wa gurudumu la nyuma, mbali na eksozi, ubane kwa tai za plastiki kila sentimita 10 hivi. Ncha ikilegea ikaliwa na cheni, umepoteza mpira wote.

Kupima: weka kadibodi chini, injini iwe sailensa na imeshapata moto, hesabu matone kwa dakika 10. Kwa 428, matone 5 hadi 10 yanatosha. Pima tena mchana, maana oili ikipata joto inakuwa nyepesi na matone yanaongezeka bila wewe kugusa kitu. Tanki la oili likikauka, hewa inaingia kwenye mpira. Utalazimika kuujaza upya mpaka ncha ianze kutoa.

Mwanga_KGM:
Oili: gia 80W-90 wakati wa mvua, ATF (oili ya gia za otomatiki) kiangazi. Ile ya msumeno wa mbao iache, inanata na mchanga unaipenda. Oili chafu ina chenga za chuma na asidi, itaziba ncha kabla haijaua cheni. Mawese yaacheni kwenye sufuria: asubuhi yanaganda, yakikaa yanakuwa gundi.

Dripu inawezekana, ila inashuka kwa uzito wake tu. Usipofunga roda (kile kigurudumu cha kubana mpira) ukipaki, chupa nzima inaishia chini, au kwenye tairi, na tairi la nyuma lenye oili kwenye kona si mchezo. Halafu mpira wa dripu ukikaa na oili unakakamaa na roda haikamati tena. Tumia mpira wa petroli.

FundiUjiji:
Kuhusu vumbi: msasa unatokana na oili nyingi au nzito. Nyepesi na kidogo inatiririka na kubeba uchafu. Juni hadi Septemba punguza mpaka tone 1 kwa dakika 2 au 3. Cheni ikiwa imeloa na kung'aa, umezidisha. Inatakiwa iache doa jepesi kidoleni. Fungua pia kava la spoketi ya mbele ukwangue tope, hapo ndipo uji wa mchanga unajificha.

Kifaa hakikazi cheni. Mlegeo uangalie kama kawaida, nyingi za cc 125 hadi 150 ni milimita 20–30, ila fuata kitabu cha yako.

Kaliua150:
Shukrani wakuu. Cheni iliyopo imeshatumika, nianze nayo?

Mwanga_KGM:
Ipime kwanza. Ivute ikaze, pima kutoka katikati ya pini ya 1 hadi ya 21. Mpya ni milimita 254. Ikifika 259 badilisha pamoja na spoketi zote mbili. Ikiwa bado iko chini ya hapo, isugue kwa mafuta ya taa na brashi, ikauke, ndipo ufunge.