MCAT: wiki sita zimebaki, CARS imegoma kupanda

Wakuu, naombeni msaada na MCAT, mtihani wa kuingilia shule za udaktari Marekani na Kanada. Majaribio matatu ya mazoezi sasa sitoki alama 503. La mwisho: kemia na fizikia 127, biolojia 127, saikolojia 126, halafu CARS, ile ya kusoma vifungu, 123. Vifungu tisa, maswali 53, dakika 90, yaani dakika kumi kwa kifungu. Mimi cha kwanza kinanila kumi na nne. Nikifika cha nane naotea tu. Kadi zangu za kukariri zimejaa boksi la viatu, asidi amino zote 20 nazitaja hata nikiamshwa usiku, lakini huku hakuna cha kukariri. Nisogeze tarehe?

— Subiri kwanza, mkuu. Nilikwama hapo hapo. Nilikuwa nasoma kila kifungu mara mbili kwa woga, nikidhani sijaelewa. Nilipojilazimisha kusoma mara moja, kisha kujiuliza "huyu mwandishi anataka nikubali nini?" kabla ya kugusa swali, muda ulirudi. Jambo la pili ndilo lililoniuma zaidi. Chukua makosa yako na uandike kando ya kila moja kwa nini lile jibu lilikuvutia. Mimi mengi yalikuwa majibu ya kweli kabisa, ila kifungu hakikuyasema. Sisi watu wa sayansi tunajibu kwa tunachokijua, na CARS inataka kilichoandikwa pale tu.

— Naongezea. Usiache swali wazi, jibu baya halikatwi alama. Na jaribio fanya zima kwa siku moja, muda wa saa saba na nusu pamoja na mapumziko, bila kikokotoo. CARS inakuja ya pili, ukiwa umeshatoka jasho na fizikia. Ukiifanyia mazoezi peke yake asubuhi na chai mkononi unajidanganya. Usiende "kuonja" pia: unaruhusiwa kuufanya mara tatu kwa mwaka, nne kwa miaka miwili mfululizo, saba maisha yako yote, na ukilipia usipotokea inahesabiwa.

— Mwenye swali nimerudi. Nimekaa na makosa ya Jumamosi, 22. Kumi na mawili ni yale yale ya "kweli, lakini hakusema". Moja nilibishana na mwandishi mpaka pembeni nimeandika "HAPANA" kwa herufi kubwa. Tarehe siisogezi kwanza. Jumamosi hii nafanya jaribio zima, nitaleta namba.