Tupeane uzoefu: tairi na tyubu nyepesi kwenye baiskeli ya mlima ya mtoto

Mama Vilima
Wakuu, leo binti yangu wa miaka saba ameshuka na kuisukuma baiskeli kwenye kilima kilekile ambacho kaka yake anakipanda huku anaimba. Roho imeniuma, nikaenda kupima. Binti kilo 21, baiskeli kilo 11. Hebu mtu mzima apande mlima na chombo chenye zaidi ya nusu ya uzito wake! Nikafungua gurudumu la mbele: tairi peke yake gramu 640, tyubu 140. Ni inchi 20. Mliowahi kuweka nyepesi nisimulieni yaliyowakuta, mazuri na mabaya.

Mnyororo Mkavu
Umenikumbusha mbali. Tulitoa tairi zenye waya ukingoni tukaweka za kukunjika, zile ambazo ukingo wake ni nyuzi imara na nyepesi za aramidi. Siku ya kwanza mwanangu aliuliza kama nimemfungia mota. Uzito ulio pembeni kabisa mwa gurudumu unamchosha mara mbili: anausukuma mbele na papo hapo anauzungusha. Anza na tairi, mambo ya usukani na tandiko baadaye.

Kiti Juu
Naunga mkono. Wangu naye hivyohivyo.

Fundi wa Jioni
Kabla ya kununua, soma namba ubavuni. Inchi 20 si moja. Baiskeli nyingi za mlima za watoto zina ringi ya 406, lakini ipo pia ya 451. Mimi niliona tu "20" nikabeba, kumbe 451. Tairi likaelea kwenye ringi kama pete ya mama kidoleni mwa mtoto. Ikiandikwa 50-406, 50 ni upana kwa milimita, 406 ni kipenyo cha pale linapokalia. Angalia pia nafasi kwenye uma wa mbele, pana likigusa ni hatari.

Baba Wawili
Nilitaka kupita kimya nimeshindwa. Niliweka tyubu za TPU, zile za plastiki laini, gramu 40 tu. Nilizifunga usiku kwa haraka, kesho yake tuna safari. Tairi jipya lilikaza, nikalimalizia kwa kijiko cha chuma. Likakaa vizuri, nikalala na furaha yangu. Asubuhi tumeendesha saa nzima salama. Kwenye mteremko wa kokoto, mwanangu akiwa mbele yangu kama hatua ishirini, nikasikia "paa!" kama ubao umepasuka. Tairi la mbele likatoka kwenye ringi likajisokota kwenye uma. Akatua kwa bega. Nilipomfikia alikuwa amekaa, helmeti imegeukia upande, mkono mmoja kaushika kwa mwingine, halii. Kule kutolia ndiko kulikonimaliza. Mtulinga ulikuwa umevunjika.

Niliporudi nikaivua ile tyubu. Ilikuwa na mpasuko urefu wa ukucha, pale ilipobanwa kati ya ukingo wa tairi na ringi. Ni mimi niliyeibana. Amepona, anaendesha, ila mimi hadi leo nikigusa gurudumu lile mikono inatetemeka.

Kiti Juu
Uuuwi! Pole sana mkuu. Mlitokaje huko?

Baba Wawili
Nilimfunga mkono kwa fulana yangu, nikambeba mgongoni mpaka barabarani. Baiskeli tuliiacha kichakani.

Mpanda Taratibu
Ndiyo maana nasema plastiki ni za mashindano, si za watoto.

Mnyororo Mkavu
Usiisingizie tyubu. Hata ya mpira ikibanwa vile inapasuka. Soma alichoandika mwenyewe.

Mpanda Taratibu
Nimesoma. Ya mpira ikipata pancha naipiga msasa, gundi, kiraka, tunaondoka. Hiyo yako utaiziba na nini?

Mnyororo Mkavu
Ina viraka vyake. Na ya akiba inakaa mfuko wa shati.

Mpanda Taratibu
Na joto la breki je? Tyubu nyingine za plastiki zimeandikwa kabisa ni za breki za diski tu.

Mnyororo Mkavu
Hapo sawa, nakubali. Mwenye breki za kubana ringi asome maandishi kwanza.

Fundi wa Jioni
Jamani, mtoto wa mwenzetu kavunjika nyie mnabishana. Fanyeni hivi: tia tyubu upepo kidogo ishike umbo tu, usiijaze ikiwa nje ya tairi. Anza kufunga upande ulio mbali na vali, malizia kwenye vali, kwa vidole gumba. Sukuma vali ndani kidogo uiachie. Kisha zunguka pande zote mbili ukifunua ukingo wa tairi kwa kidole. Ukiona hata alama ya tyubu inachungulia, usijaze.

Mwiba Mkali
Kwetu miiba haina huruma. Nilifunga nyepesi mbele na nyuma, pancha tatu siku moja. Sasa mbele nyepesi, nyuma nene. Mtoto analalamika kidogo, ila tunarudi tukiendesha.

Kiti Juu
Na upepo kiasi gani? Mimi naweka psi 30.

Mnyororo Mkavu
Nyingi kwa kilo 21! Atadunda kama mpira. Kwenye tairi pana mimi naweka 18 mbele, 20 nyuma.

Mwiba Mkali
18 kwenye mawe, ringi itagonga. 25.

Mama Vilima
Asanteni sana, na Baba Wawili pole mno, nimesoma kwako mara tatu. Nimeamua: tairi za kukunjika za 406, gramu 380, na tyubu za mpira mwembamba, gramu 90. Napunguza 310 kila gurudumu. Swali moja: tyubu nilizopata zina vali nyembamba, ringi yangu tundu lake ni la vali nene kama ya gari.

Fundi wa Jioni
Tundu hilo ni milimita 8.5, vali nyembamba inataka 6.5. Weka kipete cha kujazia, la sivyo vali itachezacheza mpaka ikatike shinani. Au tafuta tyubu nyembamba yenye vali nene, zipo.