Washington: kusomesha nyumbani na kumpeleka mtoto shule kwa masomo mawili tu

MamaKent: Habari zenu. Binti yangu ana miaka 12, anaingia darasa la 7. Nataka nimsomeshe nyumbani, ila hesabu na bendi akasomee shule ya serikali ya mtaani. Jimbo la Washington linaruhusu? Karatasi zipi, na zipelekwe wapi?

Karani_wa_Fomu: Linaruhusu, dada, mradi saa zake zisifikie za mwanafunzi wa kutwa. Peleka tamko la nia ya kusomesha nyumbani kwa mkuu wa elimu wa wilaya yenu ya shule, si kwa mwalimu mkuu. Mwisho ni tarehe 15 Septemba. Ukianza katikati ya mwaka, ndani ya wiki mbili tangu muhula uanze. Linapelekwa kila mwaka. Kama bado yumo kwenye daftari la shule, mtoe rasmi wakati huohuo, la sivyo atahesabiwa mtoro na barua zitaanza kuja.

Kisha muandikishe hayo masomo mawili. Wahi kabla ratiba haijafungwa: bendi ikiwa saa 3 asubuhi na hesabu saa 8 mchana, kazi yako itakuwa kuendesha gari.

Mzee Tacoma: Na sifa za mzazi je? Uwe na krediti 45 za chuo (zile za robo mwaka), au upitie kozi ya wazazi wanaosomesha nyumbani, au mwalimu mwenye leseni akusimamie wastani wa saa moja kwa wiki. Masomo ya lazima ni 11. Kila mwaka mtoto afanye mtihani sanifu au apimwe na mwalimu mwenye leseni. Matokeo unayahifadhi wewe, hayapelekwi wilayani.

MamaKent: Asanteni sana. Kuna programu ya ushirika na wazazi, siku mbili shuleni, zilizobaki nyumbani. Si ni yaleyale?

Karani_wa_Fomu: Siyo, na hapo ndipo wengi huchanganya. Akiandikishwa humo kwa muda wote, kisheria ni mwanafunzi wa serikali: mwalimu wao ndiye anayepitisha mpango wa masomo, na tamko halihitajiki. Watakupa karatasi ya kusaini inayoeleza tofauti hiyo. Isome yote kabla ya kalamu.

Mzee Tacoma: Tunza kazi zake, hasa kuanzia darasa la 9. Akitaka diploma ya shule baadaye, wao ndio wataamua masomo gani ya nyumbani wayape krediti, na bila ushahidi huna la kuwaonyesha.