Punda wa telki au wa matiti: je, mwendo hurithiwa?

Mkulima_Newala: Ndugu wanajukwaa, naomba ushauri. Nimeletewa punda majike wawili na fedha zangu zinatosha mmoja tu. Wa kwanza huenda telki, yaani mwendo wa haraka ulio laini, mpandaji hatikisiki. Wa pili huenda matiti, yaani mwendo wa kurusharusha mpandaji, ila bei yake ni nafuu. Je, mtoto wa yule wa kwanza atarithi mwendo wa mama yake?

Binti_Tandahimba: Kaka, hujaeleza kazi. Ni wa kupanda, wa kubeba madumu ya maji, au wa kukokota mkokoteni wa korosho? Na dume utakalompandishia ni lipi?

Mzee_Nachingwea: Chukua wa telki, mwanangu. Mwendo mzuri umo katika damu.

Mfugaji_Masasi: Shikamoo, mzee. Kwa farasi kauli yako ina ushahidi. Mwaka 2012 watafiti, akiwemo Leif Andersson wa Chuo Kikuu cha Uppsala, Sweden, walieleza badiliko katika jeni (kijisehemu cha urithi) iitwayo DMRT3, ambalo hukatiza protini yake kabla haijakamilika na hivyo kuathiri neva za uti wa mgongo zinazoratibu hatua za miguu. Farasi wa Iceland wenye uwezo wa kupeleka mbele miguu ya upande mmoja kwa pamoja karibu wote walikuwa na nakala mbili za badiliko hilo, moja ya baba na moja ya mama. Kwa hiyo hata huko mama peke yake hatoshi, na punda, mwenye kromosomu (nyuzi zinazobeba jeni) 62 dhidi ya 64 za farasi, si wa kuhukumiwa kwa matokeo ya farasi.

Mzee_Nachingwea: Marahaba. Basi si tufuge farasi wenyewe?

Mfugaji_Masasi: Kwa mbung'o waliopo mapori ya huku, mzee, nagana, ugonjwa wanaoueneza, itammaliza farasi; punda huistahimili zaidi.

Mama_Kilwa: Turudi kwa punda. Mimi niliuziwa jike kwa sifa ya mwendo laini. Nilipomwinua mguu nyumbani nikakuta kwato zimerefuka na kupinda mbele kama ncha ya jahazi, na kisigino kimoja kinanuka uozo. Ile hatua fupi niliyoilipia ilikuwa maumivu, kwani kwato zilipochongwa na kidonda kupona, alikwenda matiti kama punda wengine. Mnyanyue miguu yote minne kabla hujatoa fedha.

Mkulima_Newala: Ahsanteni. Kazi ni maji ya kisimani na kupanda kidogo. Dume ni la jirani. Mwendo wake sijauchunguza.

Binti_Tandahimba: Kalichunguze basi, kaka, na utazame meno ya majike wote wawili, maana hata umri hujautaja.