Tableti au kifaa cha breli kwa mwanafunzi asiyeona?

MwlDarasani: Habari zenu wadau. Shule yetu imepata fungu la kumnunulia mwanafunzi asiyeona kifaa kimoja cha kubebeka. Tunabishana: tableti inayosoma kwa sauti, au kifaa cha kielektroniki cha breli, yale maandishi ya nukta za kupapasa? Mwalimu mkuu anataka jibu wiki hii.

Nukta6: Mwalimu, haoni kabisa au ana uoni hafifu? Breli anaijua? Yuko darasa la ngapi? Bila hayo tutapiga ramli tu.

MamaNeema: Swali zuri. Wangu ana uoni hafifu, na kilichomwokoa ni darubini ndogo ya jicho moja ya kusomea ubao, pamoja na kikuza maandishi cha mkononi. Breli hakuihitaji.

Kinasa: Tableti, bila kusita. Programu ya kusoma skrini kwa sauti inakuja nayo: TalkBack imo ndani ya Android na VoiceOver imo ndani ya iPad, hulipii zaidi. Kama mna kompyuta za Windows, wekeni NVDA, nayo inasoma skrini kwa sauti. Aliianzisha Michael Curran, Mwaustralia asiyeona, mwaka 2006, na mpaka leo ni bure.

Nukta6: Sauti haifundishi tahajia. Mtoto anasikia sentensi lakini hajui koma iko wapi wala neno limeandikwaje. Kwenye hesabu ndio kabisa, sehemu ndani ya sehemu ikisomwa kwa sauti inampotea.

Kinasa: Na hicho cha breli? Kama Orbit Reader 20, ina seli 20, yaani nafasi 20 za herufi, mstari mmoja tu. Mlinganyo mrefu unakatika katikati.

Nukta6: Ndiyo maana hesabu hufanyiwa kwenye Perkins, ile taipureta ya breli, karatasini. Mistari yote anaipapasa, anarudi nyuma anapotaka.

Kinasa: Perkins ina karibu kilo 5 na kelele zake darasa zima linasikia. Mleta mada kasema cha kubebeka.

MtunzaVifaa: Ngojeni niwasimulie. Shule niliyofundisha ililetewa kifaa cha breli cha kielektroniki, sote tukafurahi. Seli zake zina pini ndogo zinazopanda na kushuka, ndizo nukta anazopapasa. Vumbi la chaki na jasho la vidole vikaingia, na nukta ya tatu ikagoma kwenye seli za mwanzo wa mstari. L bila nukta ya tatu ni B. Mtoto akasoma "baba" mahali palipoandikwa "lala", mwalimu akamkemea kwamba hajajiandaa. Akasisitiza ndivyo anavyogusa, hakuna aliyemwamini, mpaka mwalimu mmoja anayejua breli alipoweka kidole chake pale. Muuzaji akasema kirudishwe kiwandani, kikakaa huko muhula mzima. Perkins yake ilikuwa imeshapewa mwingine, kisa ana kifaa kipya! Akabaki wa kusikiliza tu. Hilo linaniuma mpaka leo. Kabla ya kununua, uliza nani atakitengeneza, na mashine ya zamani isiondoke.

MwlDarasani: Nimewasoma. Haoni kabisa tangu kuzaliwa, yuko darasa la tano, breli anaijua vizuri. Perkins ipo moja, anagawana na mwenzake. Kompyuta hatuna.

Nukta6: Sasa hilo ndilo la kusema mwanzo! Nunueni Perkins ya pili.

Kinasa: Vitabu vya breli kila kimoja ni majuzuu kadhaa, atavibeba vipi nyumbani? Orbit inavihifadhi kwenye kadi ya kumbukumbu, na inaunganishwa na simu kwa Bluetooth. Hapo hata mimi nakubali breli.

MtunzaVifaa: Na mtihani je? Kifaa chenye Bluetooth kitaruhusiwa chumbani? Ulizeni wasimamizi mapema.

MwlDarasani: Hilo hatukuliwaza. Naenda kuuliza.

Pendo_K: MamaNeema, hiyo darubini inakuza mara ngapi? Wangu anakaa mbele kabisa na ubao bado haoni.

MamaNeema: Mara 4, dada. Ya mara 8 tuliijaribu, inaonyesha kieneo kidogo mno, anapoteza mstari kila mara. Akapimwe kwanza, kila jicho peke yake.